Jina la utani la kikosi cha Kijerumani lilitoka wapi? Mwongozo kamili wa kufuatilia asili yake

Ukisoma habari za Vita vya Pili vya Dunia, huchukui muda kabla hujakutana na Divisheni ya Mzuka, Mashetani wa Kijani, Mbwa wa Mbio au Ree ya Shupaza. Majina haya yanavutia, ndiyo maana yanasambaa haraka kuliko historia ya vikosi vyenyewe. Na karibu kila moja linatembea na kisa chake kifupi: adui aliwaita hivyo kwa sababu aliwaogopa. Kisa hicho mara nyingi hakina tarehe wala shahidi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujua nani alilitamka jina kwanza, lini, na kwa kusudi gani. Kazi yote inasimama juu ya mambo mawili: mdomo na tarehe. Huhitaji kuwa bingwa wa Kijerumani. Kamusi, intaneti na subira vinatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Anza na namba, jina lisubiri

Kikosi cha Kijerumani kwa kawaida kilikuwa na namba kabla ya kuwa na lakabu, na namba ndiyo itakayokufungulia nyaraka baadaye. Zoea uandishi wao mapema. Nukta baada ya tarakimu inasomeka "ya", kwa hiyo "7. Panzer-Division" ni Divisheni ya 7 ya Vifaru. Divisheni zinaandikwa kwa tarakimu za kawaida. Kori, yaani ngazi inayokusanya divisheni kadhaa, zinaandikwa kwa Kirumi.

Kwenye jeshi la anga kuna mtego mdogo unaowaangusha wengi. "III./JG 54" ni kundi la tatu la wingi (yaani kikosi kikubwa cha anga chenye makundi kadhaa) ya 54 ya ndege za kivita, lakini "3./JG 54" ni skwadroni moja tu ndani ya wingi hiyo. Ukichanganya hizo mbili, utalibandika kundi zima kisa kilichotokea kwa marubani wachache.

Kisha chora mstari wa muda wa kikosi chako, kwa sababu majina rasmi yalibadilika sana. Divisheni ya 7 ya Vifaru ilikuwa Divisheni ya 2 Nyepesi hadi Oktoba 1939. Divisheni ya 5 Nyepesi, iliyopelekwa Libya mwanzoni mwa 1941, ikawa Divisheni ya 21 ya Vifaru mwaka huohuo. Divisheni ya 16 ya askari wa miguu wanaosafiri kwa magari ilibadilishwa jina mwaka 1943, kisha 1944 mabaki yake yakaunganishwa na divisheni ya akiba ya 179 kuunda Divisheni ya 116 ya Vifaru. Bila mstari huo utalitafuta jina la utani kwenye miaka ambayo kikosi hakikuwa na namba unayoijua wewe.

Hatua ya 2: Jiulize jina ni la aina gani

Si kila jina linalosikika kama la utani ni la utani. Mengine yalitolewa kwa amri, yakashonwa kwenye utepe wa mkono wa koti na kuandikwa kwenye barua rasmi. Grossdeutschland, yaani Ujerumani Kubwa, ni la namna hiyo: lilitokana na kikosi cha ulinzi cha Berlin, na mwaka 1939 kikapewa jina hilo huku askari wake wakichaguliwa kutoka pembe zote za Ujerumani. Feldherrnhalle ni jengo la kumbukumbu mjini Munich. Hoch- und Deutschmeister ni jina la rejimenti ya zamani ya Austria; Divisheni ya 44, iliyoteketea Stalingrad, ilipewa jina hilo ilipoundwa upya mwaka 1943. Panzer Lehr nayo watu huichukulia kama lakabu, kumbe inaeleza tu ilikotoka (Lehr ni mafunzo): iliundwa mwishoni mwa 1943 na mwanzoni mwa 1944 kutokana na wakufunzi na vikosi vya maonyesho vya vyuo vya vifaru, chini ya Jenerali Fritz Bayerlein. Kwa majina ya aina hii kazi ni nyepesi: tafuta amri na tarehe yake, umemaliza.

Kuna majina yaliyotoka kwenye nembo, mengine kwa kamanda, mengine kwenye nguo. Divisheni ya 250 ilikuwa ya Wahispania waliojitolea kupigana upande wa Wajerumani kuanzia 1941. Waliitwa División Azul, Divisheni ya Buluu, kwa sababu ya mashati ya buluu ya chama cha Falange, ingawa vitani walivaa sare za Kijerumani. Divisheni ya 13 ya SS, jeshi la chama cha Nazi, iliyojazwa zaidi na Waislamu wa Bosnia mwaka 1943, iliitwa Handschar, ambayo ni hanjari ileile tunayoijua pwani na Oman. Silaha hiyo ilichorwa kwenye ukosi wa koti.

Halafu kuna majina ya mzaha ya askari wenyewe. Haya ndiyo ninayoyathamini kuliko yote, kwa sababu yanasema jambo la kweli ambalo hakuna ofisa wa propaganda angelichagua. Mfano bora ni Divisheni ya 70.

Kufikia 1944 jeshi la Ujerumani lilikuwa limeishiwa watu. Wanaume wenye vidonda vya tumbo na maradhi mengine ya kudumu ya tumbo, ambao miaka ya nyuma wangerudishwa nyumbani, sasa walikusanywa kwenye vikosi vyao maalumu ili chakula chao kipikwe mahali pamoja. Divisheni ya 70 ilijazwa watu hao na kupelekwa kulinda kisiwa cha Walcheren, Uholanzi, kwenye mlango wa mto Scheldt. Mkate wa kawaida wa jeshi la Ujerumani, Kommissbrot, ulikuwa mweusi, mzito na mchachu, uliookwa kwa unga wa nafaka ya rai. Matumbo yao hayakuweza kuuhimili, wakapewa mkate mweupe. Jina likajileta: Weißbrot-Division, Divisheni ya Mkate Mweupe.

Tazama jinsi asili hii inavyokamilika. Kuna sababu ya kitabibu, kuna chakula chenyewe, kuna mahali, kuna mwaka, na hakuna anayejitukuza. Lakini usilichukue jina kama ripoti ya vita. Tarehe 3 Oktoba 1944 ndege za Uingereza zilibomoa ukuta wa bahari Westkapelle na maji yakafunika sehemu kubwa ya kisiwa, na bado kamanda wao, Jenerali Wilhelm Daser, hakusalimu amri hadi tarehe 6 Novemba mjini Middelburg. Kampeni nzima ya Scheldt ililigharimu Jeshi la Kwanza la Kanada karibu watu 13,000 waliouawa, kujeruhiwa au kupotea. Mla mkate mweupe alipiga bunduki kama mwingine yeyote.

Hatua ya 3: Soma nembo, ila usiiamini peke yake

Tafuta picha za magari, ndege na helmeti za kikosi. Swali la kujibu ni moja: nembo ilizaa jina, au jina lilizaa nembo?

Wingi ya 54 ya ndege za kivita iliitwa Grünherz, Moyo wa Kijani. Kamanda wake Hannes Trautloft alitoka Thuringia, jimbo ambalo Wajerumani huliita moyo wa kijani wa Ujerumani kwa misitu yake. Nembo hapa ni sahihi ya mtu mmoja aliyependa kwao, na jina likafuata. Wingi ya 53 ilichora karata: ree ya shupaza, Pik As. Wingi ya 77 ikawa Herz As, ree ya kopa.

Divisheni ya 116 inakwenda kinyume kidogo. Mbwa wa mbio, Windhund, alitokana na safari ya divisheni mama, ile ya 16, mwaka 1942. Ilisonga mbele kupita Elista katika nyika ya Wakalmiki, na doria zake zikafika karibu na Astrakhan, umbali ambao vikosi vingine havikuukaribia upande huo. Sifa ya mwendo ilikuja na nyika hiyo, na mchoro wa mbwa anayekimbia ukaenda na kikosi hadi magharibi 1944. Anayekuambia jina hilo lilizaliwa Ufaransa hajachora mstari wa muda.

Fuvu la kichwa nalo linahitaji macho ya ziada. Divisheni ya 3 ya SS iliitwa Totenkopf, na ilianza kwa walinzi wa kambi za mateso chini ya Theodor Eicke. Wingi ya 54 ya ndege za mabomu nayo ilijiita Totenkopf. Na askari wa vifaru wa jeshi la kawaida walivaa fuvu dogo kwenye ukosi wa sare zao nyeusi, desturi ya tangu enzi za wapanda farasi wa Prussia. Ukiona picha ya kijana mwenye sare nyeusi na fuvu, usimwite SS kabla hujatazama alama nyingine kifuani na mkononi.

Hatua ya 4: Tafuta mara ya kwanza jina lilipoandikwa

Hii ndiyo hatua inayoamua kesi. Wazo ni jepesi: kama kisa kinasema jina lilizaliwa kwenye pigano fulani, jina hilo halipaswi kuonekana popote kabla ya pigano hilo.

Mfano ulio wazi kuliko yote unahusu jina ambalo Wajerumani wanadaiwa kulitoa wao. Wanamaji wa nchi kavu wa Marekani (Marines) wanasimulia kwamba Wajerumani waliwaita Teufelshunde, mbwa wa shetani, baada ya kupigana nao msitu wa Belleau, Ufaransa, mwezi Juni 1918. Lakini magazeti ya Marekani yalikuwa yamelichapisha jina hilo tangu Aprili 1918, wiki nyingi kabla ya pigano. Na bango la kuandikisha askari liliandika "Teufel Hunden", maneno ambayo Mjerumani asingeyaunganisha hivyo. Tarehe na sarufi vinaelekeza kidole upande mmoja: jina lilitengenezwa nyumbani, kisha likawekwa kinywani mwa adui ili linoge.

Kipimo hichohicho kitumie kwa Grüne Teufel, Mashetani wa Kijani, askari wa miavuli wa Kijerumani waliopigana Monte Cassino, Italia, mwaka 1944. Kisa kinasema Washirika ndio waliowaita hivyo. Basi lisake jina kwenye magazeti na ripoti za Waingereza, Wamarekani, Wapoland na wa New Zealand za miezi ileile. Kama lipo kwa wingi upande wa Wajerumani na adimu upande wa Washirika, umejifunza kitu.

Zana za bure zipo na ni nzuri. Papers Past ni magazeti ya New Zealand, Trove ni ya Australia, Gallica ni hazina ya Ufaransa, Chronicling America ni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ANNO ni ya Maktaba ya Taifa ya Austria, na Ujerumani yenyewe ina Deutsches Zeitungsportal. Unapotafuta, andika jina kwa sura zake zote. Kwa Divisheni ya Mzuka, kwa mfano: Gespensterdivision, Gespenster-Division, division fantôme, ghost division, phantom division. Weka mipaka ya miaka, anza na ya mapema kabisa, kisha panda polepole.

Angalizo la maandishi: magazeti mengi ya Kijerumani hadi 1941 yalichapwa kwa hati ya Fraktur, ambamo herufi ya "s" ya katikati ya neno inafanana na "f". Kompyuta huisoma vibaya. Kwa hiyo jaribu pia kutafuta "Gefpenfter". Linaonekana kama upuuzi, lakini limewahi kufungua kurasa ambazo tahajia sahihi ilizificha.

Hatua ya 5: Fungua shajara za vita

Kila divisheni iliandika shajara rasmi, Kriegstagebuch, kwa kifupi KTB, yenye saa, amri na viambatisho. Zilizosalia ziko kwenye kitengo cha kijeshi cha Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, mjini Freiburg im Breisgau. Alama za mafaili zinafuata mantiki inayokariri: RH 26 ni divisheni za askari wa miguu, RH 27 za vifaru, RH 28 za milimani, RS 3 za Waffen-SS (tawi la kivita la SS), na RL 10 vikosi vya ndege. Namba ya divisheni inafuata baada ya kistari. Ukitaka Divisheni ya 7 ya Vifaru, unaomba RH 27-7. Orodha unaweza kuipekua ukiwa nyumbani kupitia mfumo wao wa Invenio.

Kama Freiburg ni mbali, Wamarekani walipiga picha kwenye filamu ndogo hati nyingi walizoteka kabla ya kuzirudisha Ujerumani. Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani, mfululizo wa T-315 ndio wa divisheni, T-314 wa kori.

Ndani ya shajara usitarajie jina la utani kwenye ukurasa wa kwanza. Lugha ya makao makuu ni kavu. Tazama viambatisho: salamu za kamanda za mwaka mpya, hotuba za kuaga, gazeti dogo la divisheni, nyimbo. Humo ndimo lakabu hujitokeza, na ikijitokeza kwenye karatasi yenye tarehe, una ushahidi mzito kuliko kumbukumbu za mkongwe zilizoandikwa miaka 20 baadaye.

Hatua ya 6: Kipime kisa juu ya ramani

Chukua Divisheni ya Mzuka. Erwin Rommel aliiongoza Divisheni ya 7 ya Vifaru mwezi Mei na Juni 1940. Tarehe 13 Mei ilivuka mto Meuse karibu na Dinant. Usiku wa kuamkia tarehe 17 alipenya ngome za mpaka wa Ufaransa na kuendelea hadi Avesnes na Landrecies, huku makao makuu ya kori yakiwa hayana habari kamili alipo. Tarehe 12 Juni alikuwa Saint-Valery-en-Caux, tarehe 19 ameshaingia Cherbourg.

Maelezo mawili yanazunguka: kwamba Wafaransa waliiita hivyo kwa kutokea mahali isipotarajiwa, na kwamba wakubwa wa Wajerumani wenyewe waliipoteza kwenye ramani zao. Ukiweka tarehe hizo juu ya ramani, la pili lina tukio halisi la kulishikilia, usiku ule wa Avesnes. La kwanza linawezekana pia, lakini linahitaji gazeti au ripoti ya Kifaransa ya kiangazi hicho. Usiyakubali yote mawili kwa pamoja eti kwa sababu yanapatana.

Na hapa ndipo hatua ya 1 inapolipa. Divisheni ya 11 ya Vifaru, iliyoundwa Agosti 1940 baada ya Ufaransa kuanguka, nayo iliitwa ya mzuka, na ndiyo iliyochora mzuka kwenye magari yake. Ilipigana Balkan, kisha Urusi, na sifa zake kubwa ni za Desemba 1942 kwenye mto Chir chini ya Hermann Balck. Makala nyingi zinachukua mchoro wa divisheni ya 11 na kuupamba kisa cha Rommel. Ukiona mzuka kwenye gari lililopigwa picha Urusi, umeshajua pa kwenda kuuliza.

Hatua ya 7: Angalia jina linafunika nini

Sitaki hatua hii irukwe. Divisheni ya 1 ya Milimani ilivaa ua la edelweiss na kupendwa kwa ua hilo. Askari wake wa Rejimenti ya 98 waliingia kijiji cha Kommeno, Ugiriki, tarehe 16 Agosti 1943 wakaua wanakijiji 317. Mwezi uliofuata askari wa divisheni hiyohiyo walishiriki mauaji ya wafungwa wa Kiitalia wa Divisheni ya Acqui kisiwani Kefalonia. Das Reich, jina rasmi la Divisheni ya 2 ya SS, ndilo la kikosi kilichonyonga watu 99 mjini Tulle, Ufaransa, tarehe 9 Juni 1944 na kesho yake kuteketeza kijiji cha Oradour-sur-Glane, ambako walikufa zaidi ya watu 640, wengi wao wanawake na watoto.

Baada ya vita, vyama vya wakongwe viliyatunza majina mazuri: kwenye mikutano, majarida, na minara kama ule wa Windhund huko Vossenack. Ukisoma chanzo cha aina hiyo kitumie, lakini andika pembeni nani alikilipia na mwaka gani. Anayeeleza asili ya jina anawajibika pia kueleza waliolibeba walifanya nini.

Kwa walioko Ujerumani: kuonyesha hadharani alama za SS na swastika ni kosa la jinai, kifungu cha 86a cha sheria ya adhabu, isipokuwa kwa elimu, utafiti na mambo yanayofanana na hayo. Ukipandisha picha mtandaoni, maelezo ya kihistoria yaambatane nayo palepale.

Hatua ya 8: Kama kikosi chako kilipigana huku kwetu

Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ina desturi tofauti. Kombania za Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, zilikuwa na namba, na misafara mikubwa iliitwa kwa jina la kamanda. Msafara wa Max Wintgens ulijitenga na jeshi kuu mwaka 1917 ukaelekea kaskazini. Wintgens alipougua na kujisalimisha Mei, Heinrich Naumann akauendeleza hadi mwanzoni mwa Oktoba. Nyaraka zinaweza kukupa majina mawili kwa watu walewale.

Majina waliyopewa wakubwa na askari wetu pamoja na wenyeji ni hazina nyingine. Tom von Prince, aliyeongoza mashambulizi dhidi ya Mkwawa na kufa vitani Tanga Novemba 1914, aliitwa Bwana Sakarani, na mahali alipokuwa na shamba Usambara panaitwa Sakharani hadi leo. Majina kama hayo uyatafute kwenye ramani, kwenye misheni, na kwa wazee wa eneo. Uliza walilisikia kwa nani, kisha uandike kizazi.

Kwa maandishi ya vita hivyo, fahamu kwamba hifadhi ya jeshi mjini Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945. Yaliyopona yatafute kwenye mafaili ya wizara ya makoloni, R 1001, Berlin-Lichterfelde. Kwenye mafaili ya Kijerumani yenye alama ya G katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Na upande wa waliopigana nao, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London.

Hatua ya 9: Andika ulichopata kwa mpangilio wa kukagulika

Kwa kila jina weka: namba kamili ya kikosi na miaka yake, jina kwa Kijerumani, aina yake, ushahidi wa mapema kabisa pamoja na tarehe na mahali pa kuupata, visa vinavyoshindana, na hukumu yako kwa neno moja kati ya matatu: thabiti, yumkini, dhaifu. Ingizo la Divisheni ya 70 litakuwa: "Weißbrot-Division, mzaha wa askari, 1944, Walcheren, chanzo ni mlo wa wagonjwa wa tumbo, thabiti." La Mashetani wa Kijani, kwa mwenye kisa tu bila gazeti la Washirika la mwaka huo, litakuwa "dhaifu", na libaki hivyo mpaka atakapolipata.